Ndege inayougua angani na kupona ikitua

*Hitilafu inayokuja na kuondoka huwatoa jasho mafundi wa gereji za Temeke. Kwenye ndege ndogo inayojiongoza yenyewe, hitilafu ya namna hiyohiyo huchezea kimo.*

Kila gari langu lilipofika Yombo Vituka, lilikuwa limeshapona.

Alfajiri kule Kunduchi ninakolilaza, taa ya cheki injini inawaka na injini inamisi. Linakohoa hivyo Barabara ya Bagamoyo nzima. Nikipita Mwenge linaanza kupata nafuu. Nikifika Tazara taa imejizima, na saa nne asubuhi, fundi rewaya anapochomeka mashine yake ya kupimia, injini inanguruma kama ya gari lililoshushwa meli jana.

Mashine inakumbuka tu kwamba kuna sensa ililalamika. Sensa hiyo tulishaibadilisha mwezi uliotangulia. Mara ya tatu fundi alinitazama kama daktari anavyomtazama mfanyakazi anayetafuta ED siku ya Jumatatu.

Ndipo ndege ndogo ikapita juu ya mabati, ikipanda kutoka uwanja wa Julius Nyerere ulio jirani pale. Fundi akainua macho, akaifuata mpaka ikapotea, kisha akauliza kama wale nao likiwapata la namna hii huko juu, huwa wanapaki wapi.

Swali lilinikuta pabaya, maana mhariri alikuwa amenitwika kazi hiyohiyo: kueleza kwa nini chombo kinachoiongoza ndege kikose kimo leo, kesho kiwe sawa, na mafundi wanaking'amuaje. Nilikuja gerejini kutengeneza gari. Nikaondoka na mwanzo wa makala.

Futi 80 zilizopotea

Chukua ndege ya viti viwili, ambayo mwenyewe kaiunda kwa mikono yake, ribiti moja baada ya nyingine, kwa miaka kadhaa. Kapanda hadi futi 3,500, katulia, kabonyeza kitufe. Kuanzia hapo otopailoti, yaani mfumo wa ndege kujiongoza, ndiyo inayoshika kimo.

Dakika 40 ndege imetulia kama mtumbwi kwenye maji yaliyokufa. Ghafla pua inainama. Futi 80 zimekwenda. Pua inanyanyuka, inapitiliza juu, inarudi chini tena. Mwenyewe anaizima, anashika fimbo kwa mkono. Akiiwasha tena, kimya. Wiki tatu, kimya. Siku anayompakia mkewe kwa mara ya kwanza, inarudi.

Kabla ya kumtafuta mchawi, inafaa kujua otopailoti inaishi kwa kitu gani. Haioni ardhi. Haijui kama chini yake kuna Bahari ya Hindi au paa za Mbagala. Inachokijua ni mgandamizo wa hewa unaoingia kupitia tundu dogo ubavuni mwa ndege, ukapita kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye sensa.

Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Ila inapungua kidogo kidogo mno. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda futi 27 hivi, kama mita nane, mgandamizo unashuka kwa hektopaskali moja tu kati ya 1,013 ambazo ndizo kipimo cha kawaida. Nyumba ya ghorofa mbili kwa hektopaskali moja. Mashine inatakiwa iuhisi upungufu huo, iulinganishe na kimo ilichoagizwa, kisha iiamuru mota ndogo iitwayo sevo isukume fito inayokwenda mkiani kuinua au kushusha pua.

“Otopailoti haioni ardhi. Haijui kama chini yake kuna Bahari ya Hindi au paa za Mbagala.”

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 18 Juni 1914, huko Bezons kando ya mto Seine, karibu na Paris, kijana wa Kimarekani Lawrence Sperry, wa miaka 21, alipita mbele ya majaji akiwa ameinua mikono yote miwili juu, huku fundi wake akitembea juu ya bawa. Ndege ikaenda sawa. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba ukubwa umepungua na bei imeshuka, hata mtu anayejenga ndege kwenye banda la nyuma ya nyumba anaweza kuwa nayo.

Wanaojiundia

Marekani shughuli hiyo ina mizizi. Chama chao cha wanaojiundia ndege, EAA, kilianza mwaka 1953. Sheria inamtaka mwenye ndege aonyeshe kuwa sehemu kubwa ya kazi ameifanya mwenyewe, ndipo anapopewa cheti cha ndege ya majaribio. Kampuni moja tu, Van's Aircraft ya Oregon, imeuza vifurushi vya mabati na michoro ambavyo vimezaa ndege zaidi ya 11,000 zilizokwisha kuruka.

Kwetu hadithi ni fupi na ina matuta. Nyeri, Kenya, mtaalamu wa kompyuta Gabriel Nderitu aliwashangaza majirani kwa kuunda ndege nyumbani kwake. Tunduma, mkoani Songwe, fundi mmoja aliunda helikopta na picha zake zikazunguka nchi nzima. Morogoro kuna kiwanda, Airplanes Africa Limited, kinachotengeneza Skyleader, ndege ndogo ya viti viwili yenye asili ya Jamhuri ya Czech.

Kwa sheria zetu hakuna chombo kinachoruka bila Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kukisajili kwa alama ya 5H na kuridhika kwamba kinafaa. Wapo wanaoona mamlaka inawabana wabunifu. Mimi, nikiwa na gari linalougua kwa kuchagua siku, nimeanza kuwaelewa TCAA.

Tundu la ncha ya kalamu

Mtuhumiwa wa kwanza ni lile tundu la ubavuni. Ni dogo kama ncha ya kalamu ya wino, na ndilo linalobeba hesabu yote.

Anayeishi Dar es Salaam anamjua nyigu wa udongo. Anaziba tundu la kitasa, anajenga kwenye soketi, anaingia kwenye bomba la kiyoyozi. Kwake tundu la ndege ni chumba kilicho wazi. Ndiyo maana ndege iliyopaki huvalishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu unaopepea, ili rubani asije akavisahau. Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini ikitoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Bomba la kupimia kasi lilikuwa limeziba. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini wiki kadhaa bila vifuniko, na wachunguzi walimshuku nyigu.

Hata hivyo, kuziba kabisa ni kosa lenye adabu, maana linakaa palepale mpaka ulikute. Altimita, yaani kipima kimo, inaganda kwenye namba moja, otopailoti inaamini mambo ni shwari, ndege inajiendea zake juu au chini. Anayesumbua ni yule anayekuja na kuondoka, na huyo mara nyingi ni maji.

Masika, ndege imelala nje. Tone moja linaingia kwenye mpira na kukaa kwenye kona iliyolegea. Chini halina neno. Angani ndege ikiyumba, tone linasogea na kuziba njia. Hewa ya nje inakatika kwa sekunde chache, sensa inabaki na hewa ya zamani. Tone likirudi mahali pake, hesabu inaruka ghafla, na mashine inaruka nayo. Jua la saa sita likishakausha, fundi anafungua mpira mkavu.

Mtuhumiwa mwingine ni mpira unaovuja ndani ya chumba cha rubani. Hewa ya ndani mara nyingi huwa nyepesi kidogo kuliko ya nje, kwa sababu upepo unaopita unaifyonza. Mpira ukivuja, sensa inaonja hewa ya ndani, inadhani ndege imepanda, inaamuru pua ishuke. Rubani akifungua kidirisha apate upepo, hewa inabadilika na kimo kinabadilika. Kwa hiyo swali la maana kwa mwenye ndege hiyo linaweza kuwa la kijinga kabisa masikioni: siku ile ulikuwa umefungua dirisha?

Kuna kipimo cha jambo hili, wala si cha gharama. Fundi anafyonza hewa polepole kwenye tundu mpaka altimita ionyeshe futi 1,000 zaidi, anaziba, anatazama saa. Kwa kanuni za Marekani, ndege ndogo isiyojazwa hewa haitakiwi kupoteza zaidi ya futi 100 kwa dakika. Ikipoteza zaidi, kuna mahali panapumua. Ole wake anayefyonza kwa pupa: anaweza kuiua altimita aliyokuja kuipima.

Halafu kuna kisa cha ribiti, ambacho wanaojenga ndege za Van's husimuliana. Michoro inataka tundu liwe ribiti ya kawaida ya kuvuta, yenye kichwa kilichovimba kidogo. Wapo walioona ribiti hiyo inaharibu sura ya bodi, wakaweka tundu la kununua, bapa, linalong'aa. Ndege ikawa inasema uongo kuhusu kasi na kimo. Kile kivimbe kisichopendeza ndicho kilichokuwa kinaupangusa upepo vizuri. Sijui fundi cherehani gani hajawahi kuambiwa na mteja aondoe pindo ambalo ndilo linaloshikilia gauni.

Waya, sevo, na kitufe cha redio

Hewa ikiwa safi, macho yanahamia kwenye umeme. Waya wa ethi uliolegea. Terminali iliyobanwa kwa koleo lisilo lake, inayogusa na kuacha kadiri injini inavyotetemeka. Kwenye ndege za plastiki na nyuzi, zisizo na bati la kukinga mawimbi, rubani akibonyeza kitufe cha redio ndege inaitikia kwa kutikisa pua. Wengine husafiri mwaka mzima bila kugundua kwamba ndege inakosea pale tu wanapoongea.

Mwisho ni sevo yenyewe: bolti ya mkono wake imelegea, klachi yake inateleza, au fito inakwaruza mahali. Hapo ndege haishtuki. Inapanda na kushuka taratibu kama jahazi.

Na kuna siku ambapo hakuna mgonjwa. Saa nane mchana ardhi ya Pwani imechemka, hewa inapanda kwa nguvu, na otopailoti ya ndege ndogo, isiyo na uwezo wa kugusa mafuta ya injini, inaishiwa mbinu. Rubani anaandika “ilishindwa kushika kimo”. Ni kweli ilishindwa, ila hata malaika angeshindwa.

Kinachowatenganisha watuhumiwa hawa ni shahidi asiyetegemea hewa, nacho ni kimo cha setilaiti. Skrini nyingi za siku hizi hurekodi vyote kwenye kadi ya kumbukumbu. Altimita ikiruka ghafla huku setilaiti ikisema ndege imetulia, tafuta kwenye mpira na sensa. Altimita ikitulia huku setilaiti ikisema unashuka, tundu limeziba. Vyote viwili vikisema umeshuka na mashine haifanyi kitu, mfuate sevo na waya wake. Kimo cha setilaiti na cha hewa havilingani namba kwa namba, na havihitaji kulingana. Unachotazama ni nani amesogea.

Rada husikiliza

Msomaji atasema waongozaji ndege wapo, wana rada, watamwambia rubani kimo chake. Hapa pana mtego.

Nchi hii ina historia chungu na neno rada. Wenye umri wangu tunaikumbuka “chenji ya rada”, pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya BAE Systems iliirudishia Tanzania na zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Baadaye TCAA ilifunga rada nne mpya za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua. Lakini namba ya kimo anayoisoma mwongozaji kwenye skrini hutoka kwenye transponda, kifaa cha ndege yenyewe cha kuijibu rada, ambacho nacho kinaipata kwenye hewa.

Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú ilipaa kutoka Lima. Waliokuwa wameiosha na kuing'arisha walikuwa wamebandika utepe juu ya matundu ya ubavuni na kusahau kuubandua. Marubani walipoona vipimo vimechanganyikiwa, waliomba msaada wa rada. Wakaambiwa wako futi 9,700. Mwongozaji hakuwadanganya. Alikuwa anawasomea uongo wa ndege yao wenyewe. Walikuwa karibu kugusa maji ya Pasifiki, na watu wote 70 walikufa.

“Mwongozaji hakuwadanganya. Alikuwa anawasomea uongo wa ndege yao wenyewe.”

Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, safari ya dakika kama 20, ndege ndogo hupishana kutwa nzima. Kinachozitenganisha mara nyingi ni futi 1,000 tu za kwenye karatasi. Otopailoti inayopoteza 80 haijafika huko. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeiahidi kuishia kwenye 80.

Ndege na ndege

Kesi kubwa ya namna hii katika ukanda wetu haikuhusu ndege ya kujiundia. Ilihusu mashine ya kisasa kabisa.

Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ilianguka dakika sita baada ya kupaa Addis Ababa ikielekea Nairobi. Watu 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote. Sensa moja ya kupima pembe ya upepo ilitoa hesabu ya uongo, na programu iliyoiamini ikaendelea kusukuma pua chini.

Maelfu ya kurasa zimeandikwa juu ya programu hiyo. Mimi nimenasa kwenye jambo dogo lililomo katika ripoti ya awali ya Ethiopia. Ndege hiyo ilikuwa haijatimiza miezi minne tangu itoke kiwandani. Desemba 2018 marubani walikuwa wameandika kwamba kimo na kasi ya kupanda vilikuwa vikicheza kwa muda, na kwamba ndege iliwahi kulala upande ikiwa kwenye otopailoti. Mafundi walishughulikia. Haikujirudia.

Je, mchezo ule wa Desemba ulikuwa ndugu wa kifo cha Machi? Hapo wakubwa waligawanyika. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, iliyotoka Desemba 2022, ilishikilia kwamba chanzo cha sensa kuharibika kilikuwa hitilafu ya umeme iliyokuja na ndege kutoka kiwandani, ya kuja na kuondoka. Wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walikataa. Kwao sensa iligongwa na kitu wakati wa kupaa, na inaelekea alikuwa ndege.

Kiswahili kinatutania hapa: ndege iliangushwa na ndege, au ndege iliugua yenyewe? Mabishano hayo si ya kisomi. Kama ni ndege wa porini, kiwanda kinalaumiwa kwa programu tu. Kama ni waya, kiwanda kinalaumiwa kwa waya pia. Sensa yenyewe ya upande ule haikupatikana kwenye vifusi.

Na suala halipo Addis Ababa pekee. Oktoba 2023 Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake, baada ya aina hiyo kuzuiwa kuruka duniani na programu yake kurekebishwa ili isiitegemee tena sensa moja.

Spea au kutafuta?

Mgongano wa pili unawahusu mafundi, na huu ninao ushahidi wake mfukoni, kwenye risiti za sensa.

Upande mmoja uko na mbadilisha spea. Hoja yake si ya kipuuzi. Muda wa ndege kukaa chini ni pesa, kifaa kipya kina dhamana, na mteja anapenda kuona kitu mkononi. Anakulipa kwa furaha elfu 85 ya sensa iliyo kwenye boksi. Mwambie elfu 30 ya kukaa kutwa ukifuata waya kwa kidole, atakuuliza umefanya nini.

Upande wa pili uko na anayetafuta. Yeye hagusi kitu mpaka ajue hitilafu inakuja wakati gani. Habadilishi vitu viwili kwa pamoja, maana ikipona hatajua ni kipi kilichoponya. Na akishindwa anaandika kwamba ameshindwa.

Kisa cha Lion Air kinawaumbua wote waliopita njia ya mkato. Siku tatu kabla ya ajali ya tarehe 29 Oktoba 2018 iliyoua watu 189 Indonesia, ndege yao ilianza kutoa onyo la kasi na kimo upande wa kapteni. Ikasafishwa, ikapimwa chini, ikapita. Ikarudia. Denpasar, hukohuko Indonesia, wakabadilisha sensa ya pembe ya upepo. Iliyofungwa ilikuwa imekosewa vipimo kwa nyuzi 21, ikaugeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa.

Kuna zaidi. Rubani wa safari ya mwisho kabla ya ajali alipambana na ndege hiyo safari nzima ya usiku, usukani wake ukitikisika kumwonya. Alipotua Jakarta aliandika kwenye kitabu kwamba kasi na kimo havikubaliani. Mtikisiko hakuuandika. Wala hakuandika kwamba walilazimika kuzima mota inayosukuma mkia. Fundi wa usiku akasoma malalamiko madogo, akafanya kazi ndogo.

Amsterdam, Februari 2009, ilikuwa vilevile kwa sura nyingine. Kipima kimo cha redio cha ndege ya Turkish Airlines kilionyesha futi nane chini ya ardhi wakati ndege iko karibu futi 2,000 juu. Mashine ikapunguza nguvu za injini, ikidhani inatua. Watu tisa walikufa. Kinasa data kilionyesha kosa hilo lilikuwa limetokea mara mbili ndani ya safari nane zilizotangulia. Halikuua mtu safari hizo, kwa hiyo lilipita.

“Fundi wa usiku akasoma malalamiko madogo, akafanya kazi ndogo.”

Mabibo, kwenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, vijana wanasomea uhandisi wa kutunza ndege. Watafundishwa spana, michoro na kanuni. Ningetamani kujua wanafundishwaje kumhoji rubani aliyechoka, anayetaka kwenda nyumbani, na ambaye kwake “inasumbua kidogo” ni maelezo yanayotosha.

Mkono au mashine

Wapo marubani wa zamani watakaokwambia dawa ni moja tu: chombo kinachosumbua king'olewe, shika fimbo mwenyewe. Wana kaburi la kuelekeza kidole. Tarehe 5 Mei 2007, usiku wa mvua, Boeing 737 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi. Kapteni alitamka kwamba otopailoti imeshika. Haikuwa imeshika, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikalala upande polepole gizani, ikazama kwenye mikoko jirani na uwanja. Walikufa watu 114.

Lakini mwenye ndege ndogo anayeruka peke yake ana hoja nzito ya kujibu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo, wakafanywa kama wameingia wingu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza udhibiti ndani ya sekunde 178, pungufu ya dakika tatu. Mtu huyo akiwa jirani na milima ya Uluguru na wingu limeshuka, kitufe cha otopailoti ndicho nafasi yake.

Kwa hiyo naona ugomvi wa mkono na mashine umekaa vibaya. Otopailoti iliyokufa haina hatari sana, maana rubani anajua imekufa. Inayofanya kazi siku 20 na kugoma siku ya 21 ndiyo inayomkuta amelegeza mkono.

Daftari la Kunduchi

Nilirudi Yombo Vituka mara ya nne bila gari. Fundi alikuwa amenipa kazi: niandike kila siku taa inapowaka, saa ngapi, nimelaza wapi, kumenyesha au la. Nilijisikia mwanafunzi wa darasa la tatu. Niliandika siku 12.

Aliipitia karatasi akiwa ameegemea boneti ya Noah ya mteja mwingine. Siku tisa taa iliwaka alfajiri kabla ya saa moja. Siku tatu haikuwaka. Akaniuliza siku hizo tatu nililala wapi. Mbili nilikuwa kwa shemeji, Kimara. Moja gari lililala ndani ya banda la jirani.

Aliniambia nililete likiwa linaumwa. Nikamjibu haiwezekani, njiani linapona. Akacheka, akachukua chupa ya kunyunyizia maji ya kupigia pasi, akaitia chumvi kijiko kimoja. Kesho yake nilipolifikisha likiwa zima, alinyunyizia sehemu moja baada ya nyingine huku injini ikiunguruma. Alipofika kwenye soketi ya ile sensa mpya ya elfu 85, gari likamisi na taa ikawaka.

Sensa haikuwa na kosa. Terminali iliyo nyuma yake ilikuwa ya kijani kwa kutu ya upepo wa bahari, imeshikilia kwa uzi mmoja wa shaba.

Aliikata, akaunga nyingine, akaivisha mpira. Dakika kumi. Kisha akatoa kitabu cha risiti, akafikiri kidogo, akaandika mistari miwili. Terminali na waya: 2,000. Kutafuta: 30,000. Akanitazama kuona kama nitabisha.